Nani Kwenu Alikufa kwa Kichwa?

Nassa, Busega
19 Januari 2025

Mwanangu Josia,

Mwangaluka. Inawezekana barua hii ikakufikia jioni, lakini mimi naandika asubuhi nikitoka misani, kwa hiyo pokea salamu ya asubuhi. Sisi ni wazima. Mpunga tumeshapandikiza majaruba mawili, la tatu linangoja mvua ijirekebishe. Yule ng'ombe mwekundu uliyemwita Mwalimu kwa sababu ya macho yake makali amezaa ndama jike. Mzee wangu Constantine anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia.

Utashangaa barua ya nini na simu zipo. Simu yangu unaijua tabia yake. Sikio langu la kulia halisikii, hivyo naweka sauti kubwa, na nikiweka sauti kubwa Nassa nzima inajua umekula nini mchana. Hili la leo sitaki Nassa ilijue. Barua nitampa dereva wa basi la Dar pale Lamadi, na nitamtisha kidogo ili asiipoteze.

Mwezi wa kumi na moja pikipiki ilituangusha barabarani. Mguu ulichubuka tu, lakini nilijigonga kichwa, wakanipeleka Mwanza kupiga picha. Picha ikasema fuvu zima. Ila waliona kitu kingine, wakanirudisha kwenye mashine na kunidunga dawa ya kung'arisha mishipa. Daktari, kijana mpole mwenye vidole virefu, akaniambia: "Mama, mshipa mmoja wa damu ndani ya kichwa umetoa kifuko. Milimita sita. Hakijapasuka." Nikamwuliza kiliingilia wapi. Akasema hakikuingia, kimeota pale pale. Nikamwuliza kinakula nini. Akacheka, nami nilikuwa siulizi kwa kuchekesha.

Kisha akaniuliza yeye. Sigara? Sivuti. Presha? Ipo kidogo. "Na nani kwenu alikufa kwa kichwa, ghafla?" Nikasema hakuna. Akaandika "hakuna", akanipa tarehe ya kurudi, 22 Julai.

Sasa wewe huko Dar ni muuguzi katika chumba wanachotibu mishipa hiyo hiyo. Nieleze hiki ni kitu gani, na mnakifanya nini. Nasikia mnaingia kichwani kwa kupitia mkononi. Nimeutazama mkono wangu wiki nzima na sioni njia. Usinifiche kama mtoto. Nilikufundisha kuandika kwa kijiti kwenye vumbi, nitaujua mwandiko wako ukitetemeka.

Na wewe, kichwa hakikuumi?

Shangazi yako,
Domitila Mayunga


Dar es Salaam
6 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika, na dereva aliniambia, "Mwambie mama nimeitunza, asiniroge." Kwa hiyo ulimtisha zaidi ya kidogo. Mimi niko salama, joto la huku linatupika, na kazini tumeongezewa mashine mpya ambayo kila mtu anaogopa kuigusa. Mpe pole Mwalimu kwa uzazi.

Nimeisoma barua yako mara tatu, shangazi. Ya kwanza niliisoma kama mtoto wako na nikaogopa. Mbili za mwisho nimezisoma kama muuguzi, na huyo ndiye anayekujibu.

Unakumbuka tyubu ya baiskeli inavyotoa nundu pale mpira ulipolegea? Mshipa nao hufanya hivyo, hasa pale unapogawanyika njia mbili, kwa sababu damu inagonga hapo kila mpigo. Ukuta ukilegea, unatokeza kifuko. Watu kama watatu katika kila mia wanatembea nacho, wanalima, wanacheza ngoma, wanazeeka, wanakufa kwa mengine bila kujua. Ndiyo maana daktari hakukukimbiza chumba cha upasuaji siku ile ile.

Lakini vichache hupasuka, na kikipasuka damu inamwagika juu ya ubongo. Maumivu yake huja ghafla, kama radi. Mtu hushika kichwa na kuanguka. Wapo wanaopata kwanza maumivu ya onyo siku chache kabla: kichwa kinapiga ghafla, kinatulia, halafu siku ya tano au ya kumi ndiyo yenyewe. Wanasayansi wote wanahangaika na swali moja: kipi kitapasuka na kipi kitalala? Wanapima ukubwa, mahali kilipo, umbo lake, presha, sigara. Siku hizi wanapiga picha za ukuta wenyewe kuona kama umevimba, na kompyuta zinafundishwa kuvitambua vifuko ambavyo macho yetu yanaviruka. Jibu kamili bado halijapatikana. Kila wiki tunasoma makala mpya, na kila wiki madaktari wetu wanabishana juu yake mpaka chai inapoa.

Njia ya mkononi ipo, shangazi. Mishipa yote ni barabara moja. Tunatoboa tundu dogo kwenye kifundo cha mkono au kwenye paja, tunapitisha mrija mwembamba, tunaufuata kwenye kioo mpaka kichwani. Zamani dawa ilikuwa kufungua fuvu na kukibana kifuko kwa kibanio, na wapo ambao mpaka leo wanahitaji hivyo. Sasa wengine tunawajazia kifuko kwa waya laini wa platinamu unaojikunja ndani. Na kwa wengine tunaweka wavu mdogo ndani ya mshipa, mbele ya mdomo wa kifuko, damu ipite moja kwa moja.

Niandikie kama una lolote la kuuliza. Najua unalo.

Mwanao,
Josia


Nassa
2 Machi 2025

Josia baba,

Mwangaluka. Kwaresima inakuja, mzee Constantine ametangaza kwamba ataacha tumbaku ya kunusa na tayari ana hasira. Mpunga umekubali. Dagaa hawapo, kwa hiyo wenye mitumbwi wametumia nafasi hiyo kuniletea nyavu zao zote mbovu, nimezungukwa nazo nyumbani kama nimevuliwa mimi.

Na sasa nina ugomvi na wewe. Umeandika "wavu" ukapita tu, kana kwamba unamwandikia mtu ambaye hajui wavu. Miaka thelathini nimeshika sindano ya nyavu. Wavu ni macho yake. Ukiniambia wavu bila kuniambia macho, hujaniambia kitu. Macho yakiwa makubwa, damu si itapita iingie kifukoni kama kawaida? Yakiwa madogo sana, si itaziba? Na ile mishipa midogo inayochepuka pembeni itakunywa wapi? Nani anausuka? Unafungwa wapi usichukuliwe na mkondo? Na ukichanika, mtaingia tena kushona? Nimemwuliza hata Padri, akasema haya ni ya kumwuliza Josia.

Ile habari ya watu watatu katika mia nimeifanyia kazi. Jumapili kanisani nilihesabu, tulikuwa kama mia mbili. Nikawa natazama visogo vya watu na kujiuliza wenzangu watano ni wapi. Homilia sikuisikia.

Halafu kuna kitu kidogo tu, nakiuliza kwa kupita. Mtu akiumwa kichwa, akafungwa majani yaliyopashwa moto, tuseme ya mnyonyo, majani hayo yanaweza kuupasua mshipa? Ni swali tu.

Kuhusu kichwa chako hukunijibu.

Shangazi,
Domitila


Dar es Salaam
20 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo, na samahani kwa kukutajia wavu bila macho. Barua yako nilimsomea daktari wetu mkuu, ile sehemu ya wavu tu. Akasema wanafunzi wake wa mwaka wa tano hawajawahi kumwuliza vizuri hivyo. Amenituma nikujibu neno kwa neno.

Umesukwa kwa nyuzi nyembamba za chuma, arobaini na nane na zaidi, kila moja nyembamba kuliko unywele wako. Macho yake ni madogo, hata unga wa dona utapita kwa shida. Lakini kazi yake si kuziba. Kazi yake ni kuipunguzia damu mwendo. Damu inayoingia kifukoni inapoteza nguvu, inazubaa, inaganda humo ndani. Ile mishipa midogo ya pembeni inaivuta damu kwa nguvu yake yenyewe, kwa hiyo inaendelea kunywa kupitia macho yale yale. Hapo ndipo penye ufundi: wavu mmoja unainyima damu kifuko na kuipa mishipa jirani.

Haufungwi popote. Unaingia umekunjwa ndani ya mrija, ukitolewa unajifungua na kukumbatia ukuta. Na hauchaniki, kwa sababu baada ya miezi ngozi ya ndani ya mshipa inatambaa juu ya nyuzi na kuufunika. Kifuko kinabaki nje kama chumba kilichojengewa ukuta. Lakini mgonjwa anameza dawa za kuzuia damu isigande juu ya chuma, na asiziache hata siku moja bila daktari. Hatari zipo pia, sitakuficha: mmoja mmoja hupata kiharusi mle mle chumbani. Ndiyo maana kwanza tunapima kama kifuko kinastahili kuguswa.

Hapo ndipo penye swali langu. Kwa kifuko cha milimita sita, wengine wangesema tukiangalie tu. Ila akiwepo mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyekufa kwa jambo hili, mizani inabadilika. Na wakiwepo wawili, ndugu wengine na watoto wao nao hupimwa, maana katika familia za namna hiyo karibu mmoja kati ya kumi hukutwa nacho.

Majani hayapasui mshipa, shangazi. Ya mnyonyo wala ya mti mwingine wowote. Yakifungwa kichwani yanaishia kwenye ngozi. Lakini wewe huulizi kitu kwa kupita, tangu nikujue. Nani alifungwa majani?

Nami sijawahi kuuliza hili vizuri: baba alikufaje? Uliniambia aliangushwa na baiskeli. Baiskeli ya nani, na wapi?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nakuandikia msemo huu kwa heshima.

Josia


Nassa
25 Mei 2025

Mwanangu Josia,

Mwangaluka. Najua nimekawia miezi miwili. Mpunga tumevuna, magunia yako ndani. Ndama wa Mwalimu ameachishwa. Mzee Constantine amerudia tumbaku yake. Nimeianza barua hii mara nne, na mara zote nne nilipomaliza habari za mpunga kalamu ilisimama.

Baba yako hakuangushwa na baiskeli.

Ilikuwa mwaka 2003, mwezi wa sita, msimu wa pamba. Nilikuwa nimekwenda nyumbani Bukundi kusaidia kuchuma. Kaka yangu Sylvester alikuwa na siku sita analalamika kichwa. Alisema kilimpiga ghafla shambani kama radi, kikatulia, kikabaki kinagonga. Mimi ndiye niliyesema dawa ni majani ya mnyonyo. Nilikwenda kuyachuma kwa mkono wangu nyuma ya zizi, nikampa mama yako Anna, nikamwambia, "Yapashe motoni, mfunge kichwani." Anna akafanya nilivyomwambia. Kesho yake Sylvester alikuwa anashindilia pamba kwenye gunia, akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Anna, kichwa," akaanguka. Hakuamka tena. Wewe ulikuwa na miaka mitano, ulikuwa unacheza juu ya lundo la pamba.

Wakubwa wa ukoo wakaenda kwa mganga. Mganga akasema wamtafute aliyemgusa kichwa. Wakaweka kikao. Wakauliza, "Majani yale alimfunga nani?" Wote wakamtazama Anna. Anna akanitazama mimi. Josia, alikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa, na alikuwa anangoja niseme. Nilinyamaza. Niliogopa kwamba nikisema majani ni yangu, watanigeukia mimi, na nina watoto Nassa. Wakamfukuza siku ile ile. Wewe walikubakiza, kwa kuwa mahari ya ng'ombe ilikuwa imetolewa na mtoto ni wa upande wa baba. Nikakuchukua mimi. Watu wakasema Domitila ana moyo mzuri, nami nikawaacha waseme.

Kwa hiyo daktari wa Mwanza aliponiuliza, ulimi wangu haukusita. Kwetu hakuna aliyekufa kwa ugonjwa wa kichwa. Mama yetu Milembe alianguka pale kisimani mwaka 1986, ndoo ikiwa kichwani, akipiga kelele kwamba kichwa kinamuuma, akafa: tulisema amerogwa. Sylvester naye tulisema amerogwa. Kwetu aliyerogwa hahesabiwi pamoja na wagonjwa. Ndivyo tulivyowapanga wafu wetu, nami nikamjibu daktari kwa mpango huo. Ni barua yako, pale ulipoandika "maumivu ya onyo", ndiyo iliyonilazimisha kukaa chini.

Na ulipoandika kwamba majani hayapasui mshipa, nililia mpaka mzee Constantine akadhani kuna msiba. Miaka ishirini na miwili nilidhani huenda nilimwua kaka yangu kwa majani yangu, na nikamwachia mwingine kesi.

Mama yako hakukukimbia. Yuko Malampaka, karibu na stesheni, anauza mchele. Kwenye kila fomu ya shule yako, penye "mama", mimi niliandika "hayupo".

Tafadhali pima kichwa chako. Ndiyo maana nilikuwa nakuuliza.

Domitila


Dar es Salaam
30 Juni 2025

Shangazi,

Barua yako nimeipata. Leo sina salamu.

Nilipokuwa darasa la nne niliandika insha juu ya mama aliyemwacha mtoto wake akaenda mjini. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Wewe ulinipikia wali kwa kuku siku ile kwa sababu nilipata alama zote. Uliisoma ile insha, shangazi. Uliisoma ukanirudishia daftari.

Miaka yote nimemchukia mtu ambaye hakunifanya kitu.

Sasa naandika kama muuguzi. Tarehe yako ni 22 Julai. Usiikose. Mwambie daktari afute "hakuna". Aandike: Milembe, mama mzazi, 1986. Sylvester, kaka wa tumbo moja, 2003, na maumivu ya onyo siku sita kabla. Dawa ya presha meza kila siku.

Kama mtoto wa Anna nina swali moja tu. Je, anajua kilichomwua baba, au mpaka leo anaitazama mikono yake?

Josia


Nassa
25 Julai 2025

Josia,

Barua yako isiyo na salamu niliipokea na kuisoma nikiwa nimesimama, maana nilijua sistahili kukaa. Mimi nakusalimu. Mwangaluka, ng'wana wane, mwanangu.

Swali lako halikuniachia usingizi, kwa hiyo nilikwenda. Nilimwambia mzee Constantine kila kitu, kifuko na kikao, naye akanisindikiza mpaka Lamadi. Nikapanda basi mpaka Bariadi, nikaunganisha Maswa, nikafika Malampaka jua likiwa limegeuka. Anna nilimkuta anapepeta mchele. Amenenepa kidogo, mvi zimeanza pembeni. Alinijua kabla sijafungua mdomo.

"Mwadila," nikamsalimu.

Alipepeta ungo mzima mpaka ukaisha. "Mwadila," akaitika. "Kaa."

Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, majani, kikao, ukimya wangu. Kisha nikatoa ile picha ya Mwanza. Akaifuta mikono, akaichukua, akaipeleka mlangoni penye mwanga.

"Kako wapi?"

"Hako. Daktari amezungushia kalamu."

"Haka?"

"Haka. Sylvester alikuwa nako. Na mama Milembe. Ndiko kalikowaua."

Aliigeuza picha juu chini, akaisogeza karibu na jicho. Unajua, Josia, mama yako ni mtu wa kutaka kujua, nadhani ndiko ulikoutoa udadisi wako. "Kadogo kama choroko," akasema. "Kwa kadude haka nikanyang'anywa mtoto."



"Mimi nilijua majani ni yako," akaendelea. "Siku ile nilidhani utasema kesho yake. Kesho ikapita. Nikadhani utasema kwenye arobaini. Baadaye na mimi nikaanza kujiuliza, labda nilipasha moto sana, labda nilikaza kitambaa. Usiku mwingine nilikuwa nafunga kitambaa kwenye goti langu nione nguvu ya mkono wangu."

Nikamwambia uliyoniandikia kuhusu majani. Akatikisa kichwa. "Umechelewa gete, kabisa, Domitila. Mimi siyo wa kukusamehe leo, usinidanganye nikudanganye. Ila nani anakupeleka Mwanza?"

"Nakwenda mwenyewe."

"Nitakupeleka mimi. Nataka nisikie kwa masikio yangu."

Basi tukaenda wawili. Yule daktari wa vidole virefu akafuta "hakuna", akaandika Milembe na Sylvester, na uso wake ukabadilika. Akasema hiki sasa si cha kuangalia tu, ananiandikia barua ya kuja huko Dar kwenu, na mtoto wa Sylvester apimwe mapema. Alipomaliza akauliza kama tuna swali. Nilikuwa nayo saba, ya wavu. Anna akaniwahi.

"Daktari, mtu akifungwa majani ya mnyonyo kichwani, hata ukikaza, mshipa wa ndani unaweza kupasuka?"

"Hapana, mama. Haiwezekani."

"Rudia."

"Haiwezekani kabisa."

Anna akanigeukia. "Domitila, umesikia?"

"Nimesikia," nikasema. Daktari alitutazama kana kwamba tunagombea shamba.

Njiani kurudi tulishuka Lamadi. Pale alipokuwa anabadilisha basi akaniuliza unapenda kula nini. Nilimtajia vitatu. Kimoja nilidhani anakijua tayari, nacho ni ugali wa muhogo, kumbe hajui.

Domitila


Dar es Salaam
5 Oktoba 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Salamu kwa mzee Constantine, kwa Mwalimu na ndama wake, kwa Padri aliyekuelekeza kwangu, na kwa wenye mitumbwi wote wanaongoja nyavu zao. Leo ninazo salamu nyingi, nimezichanganya na zile za mwezi wa sita.

Natumaini mmefika salama na kwamba dawa unameza. Uliondoka hapa kwa haraka ya kuandaa majaruba yako, tukawa hatujaongea vizuri, na wodini ulikuwa unawahoji wauguzi wenzangu mpaka wakakuita mkaguzi. Kwa hiyo nakuandikia yale ambayo hukuyaona siku ya kuwekewa wavu, ukiwa umelazwa na dawa ya usingizi.

Hawakuniruhusu kuingia, kwa kuwa wewe ni ndugu yangu. Nilisimama nyuma ya kioo na mama, uliyekuja naye. Walipitia kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ule wa sindano ya nyavu. Mrija ulipofika shingoni mama alinishika kiwiko. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kushikwa naye tangu niwe na akili, na hatukutazamana. Wavu ulifunguka taratibu. Kisha wakapiga ile dawa ya kung'arisha, na kwenye kioo tukaiona damu inapita mbele ya kifuko na kuendelea na safari yake, na kifukoni inabaki kivuli kinachozubaa. Mama akauliza, "Ndiyo hivyo tu?" Nikamwambia ndiyo hivyo tu. Akasema, "Na Sylvester angepona?" Nikamwambia kwamba mwaka ule, kutoka Bukundi, sidhani. Alikubali kwa kichwa, akaendelea kutazama mpaka walipozima.

Unakumbuka daktari mkuu alikupa wavu wa mfano uushike? Ukauvuta, ukauhesabu macho, ukasema aliyeusuka hakuwa na haraka. Sasa anaisema sentensi hiyo kwa kila mwanafunzi.

Hasira yangu haijaisha, shangazi, nakuambia ukweli. Kuna siku inaamka pamoja nami. Lakini ungeweza kunyamaza tena, daktari angeendelea kusoma "hakuna", na hakuna mtu ambaye angejua. Safari hii ulisema, na ulisema ukijua kwamba utanipoteza. Hilo nalo nimeliweka moyoni.

Sasa habari ya kichwa changu, ambayo umeiuliza tangu Januari. Nilikuwa naogopa, ndiyo maana sikukujibu. Muuguzi wa mishipa anayeogopa mashine yake mwenyewe, cheka tu. Wiki iliyopita nilipimwa. Mishipa yangu ni safi, hakuna kifuko. Nitarudia baada ya miaka mitano, maana kwa watu wa familia kama yetu kinaweza kuota baadaye.

Kabla ya kupimwa nilijaza fomu. Kuna mstari wa jina la mama. Mkono wangu uliandika "Domitila Mayunga" kabla sijafikiri. Nikaomba fomu nyingine, nikaandika "Anna Maduhu", na pale wanapouliza kama yupo, nikaandika "yupo, Malampaka".

Ile ya kwanza sikuichana. Nimeikunja, imo humu kwenye bahasha.

Mwanao,
Josia